Gazoni kuwa klova: shajara ya mteremko wetu wa Muhumba

Agosti, vumbi bado lipo

Gazoni yenyewe, yaani uwanja wa majani mbele ya nyumba, ina mita za mraba kama 200. Inaanzia chini ya baraza na kuteremka kuelekea ziwa. Nyumba ni ya enzi za Wabelgiji, mji wetu wa Bukavu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, na aliyeijenga alitaka mbele yake pafanane na kwao. Akapanda majani ya paspalum. Yeye alikwisha kwenda zake, paspalum ikabaki, na kazi yake tukairithi sisi.

Hapa Bukavu mvua inaanza Septemba na kuachia Mei, na muda wote huo paspalum haijui kulala. Unakata leo, wiki haijaisha imekwisha kutoa vile vikonyo vyake virefu vya mbegu vilivyogawanyika juu kama herufi V. Mashine ya kukata majani tuliitupa stoo zamani, maana ilikuwa inakunywa petroli ya kadhafi, ile ya kuuzwa barabarani, kuliko pikipiki. Siku hizi anakuja kijana mwenye kupekupe, panga la kufyekea, analipwa kwa siku, na mwezi wa nne uliopita nimetoa makuta (pesa) ya majani kushinda makuta ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Faida? Hakuna anayeila hiyo paspalum, isipokuwa mbuzi wa jirani akikata kamba.

Shauri limekuwa kuitoa na kuweka klova nyeupe, Trifolium repens. Ni mmea wa jamii ya kunde, ndugu wa mbali wa maharagwe. Hausimami, unatambaa: shina linalala juu ya udongo na kushusha mizizi kwenye kila kifundo. Hata usipokatwa, unafika sentimita 10 hadi 20 hivi na kuishia hapo. Nitrojeni yake unaipata hewani kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye mizizi. Katika malisho mazuri ya nchi za baridi, klova huingiza kilo 100 hadi 200 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa kiwanja kama chetu hesabu hiyo ingetoa kilo 2 hadi 4, sawa na kilo 4 mpaka 9 za urea, ambayo sijawahi kuinunulia majani na sitainunulia.

Wako wanaosema klova ni gugu kwenye gazoni. Huko Ulaya na Marekani, kabla ya Vita vya Pili, mbegu za gazoni ziliuzwa zikiwa zimechanganywa na klova, na watu walilipia. Miaka ya katikati ya 1940 ikaja dawa ya 2,4-D. Inaua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi, kwa hiyo klova ilikufa pamoja na magugu, na wauza dawa wakaona ni rahisi zaidi kuihesabu miongoni mwa magugu kuliko kuiombea radhi. Kwa yeyote atakayefuata njia hii: dawa hiyo isikanyage uwanjani kwako.

Mama amekubali kwa sharti. Sehemu tambarare iliyo karibu na baraza, mita kama 50, isiguswe. "Msiba hauulizi kama klova yako imeshika," amesema. "Watu wakija, viti nitaviweka wapi?" Ana haki. Klova inavumilia nyayo za watu wa nyumbani, lakini viti vya plastiki na watu wa kukesha juu ya udongo uliolowa ni habari nyingine. Basi mradi ni wa mteremko tu, mita 150.

Agosti mwishoni: mbegu, na hasa udongo

Mbegu zimefika. Dada yangu alizinunua Nairobi, zikapanda basi hadi Kigali, zikavuka msitu wa Nyungwe, zikashuka Kamembe na kupita daraja la Ruzizi zikiwa na cheti chao cha afya ya mimea. Kilo moja. Ukimwaga chache kiganjani unaona vipunje vya manjano, vingine vya kahawia, vidogo kuliko ulezi, kila kimoja na umbo la moyo uliobonyea. Kilo moja ina mbegu kama milioni moja na nusu. Mfugaji angepanda nayo karibu robo ya hekta ya malisho. Mimi nataka ifunike haraka kabla magugu hayajapata habari, kwa hiyo nitatia gramu 3 kwa mita. Zinazobaki ni za kuziba mapengo.

Kilichonikosesha usingizi ni udongo. Huu wetu mwekundu umetokana na mawe ya volkano ya kale, umenyeshewa karne kwa karne, kalisi yake imeoshwa na asidi imebaki. Rafiki mwenye kipimo cha asidi amesoma pH 5.1. Klova inapenda 6 hadi 6.5. Kwenye udongo wenye asidi nyingi aluminiamu inayeyuka na kudumaza mizizi, na wale bakteria nao wanakosa nguvu. Mbegu inaweza kuota vizuri sana hapo, halafu ikae tu.

Chokaa tuliyo nayo karibu ni ile ya kupaka kuta. Imekwisha chomwa na kuzimwa kwa maji, kwa hiyo ni kali kuliko unga wa mawe ya chokaa yenyewe: gramu 150 kwa mita zinatosha, na lazima ikae udongoni wiki kadhaa kabla ya mbegu. Majivu ya makala ni ya bure, ila nguvu yake haifiki hata nusu ya chokaa hiyo, na mbabula moja, jiko la makala, haitoi kitu. Nimeomba kwa majirani. Wananiletea ndoo nzima wakiamini nimeanza biashara ya sabuni.

Jambo la pili ni bakteria. Wale wa klova wana ukoo wao. Wanaoshika maharagwe hawashiki klova, hata wakiwa wa spishi moja, Rhizobium leguminosarum. Uwanja huu haujawahi kuona klova tangu uumbwe. Kwa wenzetu mbegu huuzwa zimepakwa bakteria tayari, zangu zimekuja tupu. Dawa ya kizamani ni kuazima udongo. Upande wa Kabare kuna shamba la ng'ombe ambako klova nyeupe imejiotea katikati ya majani ya kikuyu, na mwenye shamba alinijazia nusu gunia la udongo wa chini ya klova hiyo. Alicheka sana, makuta akakataa. Nilisisitiza udongo wa chini ya klova nyeupe yenyewe kwa sababu milima yetu ina klova zake za asili, kama Trifolium usambarense na Trifolium rueppellianum, na bakteria waliozoeana na hizo wanaweza kuingia kwenye mizizi ya klova ya Ulaya, wakajenga vinundu, halafu wasifanye kazi yoyote.

Sitaki kubahatisha, kwa hiyo mteremko nimeugawa mikanda minne inayoukata kwa upana. Wa juu kabisa unapata chokaa tu. Wa pili chokaa na udongo wa Kabare. Wa tatu majivu na udongo wa Kabare. Wa chini haupati kitu. Samadi ya ng'ombe iliyooza nimetia kote, kwa ajili ya fosforasi. Mbolea ya dukani yenye nitrojeni nimeikataa: mmea ukipewa nitrojeni mkononi haujisumbui kuwalisha bakteria.

Septemba

Kung'oa paspalum ni kazi ya wanaume wawili na maneno mabaya. Vigogo vyake vya chini ni vinene kama vidole na vimeshikana. "Patroni," kijana ameniuliza, "watu wanalipa kupanda majani, wewe unalipa kuyang'oa?" Tumeyapindua mizizi juu, tukayapanga chini kabisa ya uwanja yawe kama tuta.

Kati ya mkanda na mkanda tumeacha paspalum upana wa hatua moja, jembe lisiiguse. Hilo lilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo, lakini jirani wa chini amelifanya kuwa amri. Jikoni kwake kuko chini ya ukuta wetu. Alipanda taratibu, akasalimia, akaketi, akaulizia afya ya Mama, kisha: "Mwanangu, mimi sina neno na majani yako. Lakini matope yakiingia jikoni kwangu, tutaongea mbele ya shefu wa avenyu." Nikamjibu, "Ndiyo, Baba." Katika mji huu mteremko ulio uchi si mchezo. Kila msimu wa mvua kuna nyumba zinazobebwa na watu wanaozikwa, na anayekaa chini ana haki ya kuuliza anayekaa juu anafanya nini na jembe.

Tumepanda mwisho wa mwezi, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyeshea chokaa. Mbegu ndogo hivi hazitawanyiki kwa mkono peke yake, zinaangukia sehemu moja. Nilichanganya na mchanga mkavu, nikamwaga nusu nikienda kushoto kulia na nusu nikipanda na kushuka, halafu tukakanyagia ubao juu yake. Zisifukiwe zaidi ya sentimita moja. Juu tulirusha nyasi kavu nyepesi ili tone la mvua lisipige udongo moja kwa moja.

Oktoba

Zimeota, mikanda yote minne, ndani ya wiki. Jani la kwanza la kweli ni moja na la duara. Yale matatu yanafuata baadaye. Kwa sasa huwezi kusema mkanda upi ulipewa nini.

Usiku konokono. Nimetoka na taa ya simu, nimewakuta wamejipanga pembeni ya paspalum ambamo wanalala mchana. Tunawaokota, bata wa jirani anashukuru.

Adui wa kweli ana majani matatu pia. Ni Oxalis, ile tunayoitafuna tukiwa watoto kwa uchachu wake. Kijana wa kazi ameing'oa klova na kuiacha Oxalis, na simlaumu, mtu yeyote angefanya hivyo. Tumekaa chini naye tukazishika mkononi zote mbili. Kipande kimoja cha jani la Oxalis kina umbo la moyo, kimepasuka katikati kwenye ncha, na jani linajikunja kama limesinzia. Cha klova kina umbo la yai, ncha haina mpasuko wa kina, ukingo una vimeno vidogo sana ukiupitisha kwenye ukucha, na mara nyingi kuna alama nyeupe iliyopinda katikati. Mwisho wa ubishi ni ulimi: chachu ni Oxalis. Sasa kijana anapalilia akiwa anaonja. Ile yenye maua ya zambarau ndiyo sumbufu zaidi, maana chini ina vitunguu vidogo vingi, ukivuta kwa haraka vinakatika na kubaki udongoni kukungoja.

Novemba

Rangi zimeanza kusema. Mkanda wa chini, usio na kitu, umekuwa manjano na haukui. Wa juu, wenye chokaa tu, ni mrefu kuliko huo lakini nao umepauka. Wa pili ni kijani cha giza. Wa tatu unaufuata kwa karibu, una mabaka.

Nimechimbua mche mmoja kila mkanda kwa kijiko, kwa sababu ukivuta kwa mkono vinundu vyote vinabaki udongoni, halafu unasema havikuwepo. Nimeiloweka kwenye bakuli la maji na kuisafisha polepole.

Mche wa mkanda wa juu una vinundu, ndiyo, lakini vidogo mno, vyeupe, vimetawanyika kila mahali. Nimekibana kimoja kwa ukucha: ndani cheupe vilevile. Bakteria waliingia, wamepanga chumba, kodi hawalipi. Wale wa mkanda wa chini hawana hata hivyo. Mche wa mkanda wa pili una vichache kuliko wa juu, lakini ni vikubwa, virefu kidogo, vimeshikilia karibu na mzizi mkuu. Ukucha ukipasua kimoja, ndani ni pinki kama ufizi wa mtoto. Hiyo rangi ni leghemoglobini, jamaa wa ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Inashika oksijeni ili isiharibu kazi ya kukamata nitrojeni. Pinki maana yake kiwanda kinafanya kazi.

Nimewaita Mama na kijana waone. Mama alivaa miwani, akaangalia, akauliza kama inaliwa.

Kwa hiyo chokaa peke yake haikutosha, na nusu gunia la udongo wa bure limefanya kazi ambayo hakuna duka la mji huu lingeniuzia. Mkanda wa juu nimeunyunyizia udongo uliobaki, nikiuchanganya na maji kwenye ndoo na kumwagia jioni, jua likiwa limelala, kwa sababu jua kali linaua bakteria. Wa chini nauacha hivyo hivyo. Nataka kuuona.

Januari

Palizi, palizi. Mkanda wa pili umefunga, udongo hauonekani. Wa juu umegeuka rangi, umechelewa kwa miezi lakini unakuja. Kupekupe haijagusa mteremko tangu tupande.

Aprili

Mvua kubwa za mwaka. Nilikaa barazani usiku nikisikiliza maji, na asubuhi nikashuka kwanza kuangalia ukuta wa Baba wa chini kabla sijanywa chai. Pakavu. Nitasema ukweli, hata kama unapunguza sifa ya klova: kilichoshika udongo ni ile paspalum tuliyoiacha katikati. Mizizi ya klova inakaa juu juu. Inazuia tone lisipige na maji yasichimbe, lakini mlima haiushiki. Anayetaka kung'oa kila kitu kwenye mteremko mkali ili apate zulia moja la kupigia picha atafute ushauri kwingine.

Jambo la ajabu kwenye mkanda wa chini: ukingo wake wa juu umekuwa kijani, kama mtu amepaka rangi kwa brashi, huku sehemu nyingine ikibaki manjano. Maji yameteremsha udongo wa Kabare pamoja na majivu kutoka mkanda wa tatu. Jaribio langu limeharibiwa na mteremko, na nimefurahi.

Tulikuwa na sherehe ya mahari ya binamu. Viti vilijaa sehemu ya Mama, vikamwagikia kwenye mkanda wa juu. Visigino vya akina mama viliacha matundu kama palipitiwa na kuku wa chuma. Wiki chache baadaye vishina vilikuwa vimetambaa juu ya matundu, lakini pale miguu ya meza ya vinywaji iliposimama pamebaki upara. Mama hakusema neno. Aliangalia tu.

Mei

Maua ni machache sana, kichwa kimoja hapa, kingine kule. Huko kwao klova nyeupe inasukumwa kuchanua na siku ndefu za kiangazi. Sisi tuko kwenye latitudo 2.5 kusini na mchana wetu ni saa 12 mwaka mzima. Uzuri wake ni kwamba nyuki ni wachache na watoto wanacheza peku. Ubaya ni kwamba bila maua hakuna mbegu mpya, na pengo haliwezi kujipanda lenyewe. Ndiyo sababu nilifunga zile mbegu zilizobaki kwenye chupa na kuziweka mahali pakavu.

Julai

Kiangazi kimeshika. Maji ya bomba yanakuja usiku yanapopenda yenyewe, na siwezi kuyabebea majani maji ya bidoni wakati watu wanapanga foleni. Sijamwagilia.

Majani ya klova yamepungua na kuwa madogo, mengine yamekauka. Vishina viko hai ukivikwaruza: kijani ndani. Mkanda wa pili umepoteza labda theluthi ya kifuniko chake, sehemu za juu ambako udongo ni mwembamba. Sehemu ya Mama ya paspalum imekuwa kahawia kote, lakini najua itaamka kabla ya klova, mizizi yake iko mbali.

Habari njema ya kiangazi ni simbiliki, wale wanyama wadogo kama sungura wasio na masikio marefu. Watoto wa Baba wa chini wanafuga simbiliki chini ya meza ya jikoni, na majani mabichi yamewaishia. Wanakuja huku juu na kapu, wanakata klova ya pembeni, wanachanganya na nyasi nyingine. Nimewaambia wasimpe mbuzi klova tupu hadi ashibe, ikiwa mbichi inaweza kumvimbisha tumbo. Baba mwenyewe alipanda juzi, akaketi, akaulizia afya ya Mama, kisha akauliza kama kwenye ile chupa kuna mbegu za kumtosha.

Septemba tena

Mvua ya kwanza imenyesha. Mikanda miwili ya juu inarudi kutoka kwenye vifundo vyake. Wa tatu una mabaka makubwa. Majivu yangehitaji kuwa mengi zaidi. Kwenye wa chini nimetia chokaa mwezi uliopita, na wiki ijayo nitaurushia vipande vya klova iliyochimbwa na udongo wake kutoka mkanda wa pili, maana sasa Kabare yangu iko hapa hapa nyumbani. Mbegu za chupa zitaziba mapengo ya juu, na kikombe kimoja ni cha Baba wa chini, pamoja na kopo la udongo.

Kijana wa kazi anakuja bado, ila mara chache, na anakuja na kisu cha kupalilia. Nimempandisha mshahara wa siku kwa sababu kupalilia kunataka macho. Mteremko unakatwa tu pale watoto wenye simbiliki walipoacha. Sehemu ya Mama inakatwa kama zamani, na ameniarifu kwamba meza ya vinywaji ya sherehe ijayo itasimama kwenye saruji.